Koti Ambalo Nyuki wa Thadeo Hawakulipenda

Ilikuwa mwaka themanini na tatu. Hapana, naongopa. Themanini na tatu Thadeo alikuwa bado anafua shati lake kwa majani ya mpapai, na shati lenyewe lilikuwa bado lina mgongo. Basi tuseme themanini na nne. Hapana tena. Themanini na nne ndio mwaka wa unga wa njano, na unga wa njano ndio uliomvalisha Thadeo mfuko. Ilikuwa themanini na tano, mitumba ilipoanza kumwagwa chini mnadani Bunda. Hapo sitoki tena.

Thadeo alikaa kijiji kimoja cha upande wa Butiama, nyumba ya mwisho kabla ya majabali. Alikuwa mgane. Mkewe alikuwa amefariki zamani kidogo, na watoto walikuwa wameoa na kuolewa, kila mmoja na kwake. Alibaki na nyuki, na dada yake mkubwa, Wankyo, aliyekaa nyumba ya pili. Wankyo alimletea ugali kila siku, na kila siku ugali ulikuja na maneno, mboga iwepo isiwepo.

Nyuki wenyewe walikaa kwenye mizinga ya magogo aliyoichonga kwa mkono wake, akaining'iniza kwa waya kwenye miti iliyoota katikati ya majabali. Waya aliupaka oili chafu ya trekta, kwa ajili ya siafu. Siafu akifika pale anateleza, anajiuliza, anarudi kwao. Lakini sababu kubwa ya kuining'iniza mizinga ilikuwa nyegere. Nyegere ni mnyama mfupi, mweusi tii, mgongo mweupe kama mtu aliyemwagiwa majivu, na adabu hana hata ya kuazima. Anauangusha mzinga, anaupasua, anakula asali pamoja na watoto wa nyuki, anachomwa mwili mzima na wala hajikuni. Duniani hakuna kitu nyuki wanakichukia kama nyegere. Wakiona kitu cheusi chenye manyoya, hawaulizi jina.

Thadeo alizijua tabia zao kama mtu anavyojua tabia za wakwe. Mzinga aliujia kwa nyuma, hakusimama mbele ya mlango wao kama mkusanya kodi. Alikwenda jioni, jua likishapoa, kwa sababu mchana wa jua kali nyuki wana kazi nyingi na hasira karibu. Alibeba kopo lenye matobo, ndani mavi makavu ya ng'ombe yanayofuka, akapuliza moshi kidogo tu, wa kuwaomba wasogee. Wapo waliovuna kwa kuwachoma moto, halafu mwaka wa pili wanakaa wanashangaa mizinga haina mtu. Sega lenye watoto aliliacha. Sega lililozibwa juu kwa nta ndilo lililoiva, hilo alichukua, na hata masega hayo hakuyamaliza yote. "Mwenye nyumba naye anakulaga," alisema.

Na hakuoga sabuni ya harufu. Hilo lilikuwa rahisi, maana sabuni ilikuwa haionekani, ya harufu wala ya kufulia. "Miaka ile ya shida nyuki walitupenda sana," alipenda kusema. "Tulikuwa tunanuka kama miti."

Tena alivaa nguo nyeupe, kwa sababu nyuki hawana ugomvi na nyeupe. Nguo yenyewe ndiyo ule mfuko wa unga wa njano wa msaada. Wankyo aliutoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono. Kifuani palikuwa na picha ya mikono miwili imeshikana, inasalimiana, na mgongoni maandishi ya Kizungu ambayo kijiji kizima hakuna aliyefika nayo mwisho. Nyuki walimzoea hivyo. Aliposogea na mikono yake minne, miwili ya kwake na miwili ya picha, walimwacha afanye kazi.

Shati alikuwa nalo, lakini shati hilo lina habari yake. Kola ilipoisha, Wankyo alikata kitambaa mgongoni akaweka kola. Viwiko vikaisha, akakata mgongoni. Mifuko, mgongoni. "Watu wanakutazamaga mbele," alisema, "nyuma unawaachia ya nini?" Mwisho wake shati likawa la kupendeza sana kwa mtu aliyesimama mbele ya Thadeo, na kwa aliyesimama nyuma yake halikuwepo.

Sasa, asali yake Thadeo alipeleka sokoni Musoma, amevaa mfuko ule ule. Safu ile ile aliyokaa, alikaa mama mmoja mjane wa mtaa wa Kamunyonge, jina lake Marcelina, anauza samaki wa kubanika. Siku ya kwanza Marcelina alimtazama muda mrefu, akiwapepea nzi na kipande cha boksi.

"Baba, hapo unauza asali au unauza unga?"

"Asali, mama."

"Mbona umeandikwa unga?"

Thadeo alipata jibu akiwa njiani kurudi, tena zuri, lakini Marcelina hakuwepo kulisikia. Soko lililofuata akamletea kipande cha sega, kimefungwa kwenye jani la mgomba. Marcelina akampa samaki mmoja, gogogo mkavu. Soko lililofuata, sega kubwa zaidi, na gogogo wawili. Wenzao sokoni wakaanza kukohoa kila Thadeo akipita. Alipokuja kulisema neno lenyewe, alilisema akiwa anatazama samaki, kama anamposa sato.

Marcelina hakucheka. Alisema, "Jumapili baada ya misa nitakuja kuona kwako, na kaka yangu Stanislausi. Kuna lori la pamba linapita huko mchana, linarudi Musoma alasiri. Ila nakwambia mapema, Thadeo. Nikifika nikapokelewa na mfuko wa unga, nageuka na lori lile lile."

Thadeo alirudi nyumbani. Miaka yote ya ugane alikuwa amejizoeza kwamba hataki mtu, na sasa alimtaka huyu mmoja hata ugali haupiti. Alimweleza Wankyo.

"Mfuko hataki," alisema Wankyo. "Basi vaa shati."

"Shati gani, dada?"

Wankyo akakumbuka mkasi wake, akanyamaza, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Siku ya mnada Thadeo akaenda Bunda na debe la asali. Mitumba ilikuwa imemwagwa juu ya turubai, watu wamezama humo mpaka mabegani. Mwenye turubai aliitwa Werema, kijana mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Kafa Ulaya! Kafa Ulaya! Mzungu kafa jana, nguo leo! Mzee, wewe unataka nini?"

"Nataka nguo yenye mgongo," alisema Thadeo.

Werema alifikiri kidogo, akazamisha mkono, akavuta koti. Lilikuwa jeusi tii, zito kama ndama, refu linapita magoti, lenye manyoya pande zote. Kutoka kwenye kola kushuka mpaka chini nyuma lilikuwa na mkanda mpana wa manyoya meupe.

"Unaona mgongo huo? Mgongo unatosha watu watatu! Na hili mzee halijavaliwa na mtu mdogo. Hili lilivaliwa na mkubwa."

"Joto hili?"

"Joto ni la maskini. Umeshaona waziri anaona joto?"

Thadeo alilijaribu. Lilifunika shati, lilifunika suruali ambayo nayo ilikuwa na siri zake, lilifunika kila kitu isipokuwa uso, na uso haukuwa na shida. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mbuzi alisimama. "Huyu mzee anafanana na kitu," alisema, "sijui ni kitu gani." Mbuzi alikataa kupita. Werema akaongeza juu kipande cha sabuni ya waridi, na debe la asali likabaki Bunda.

Nyumbani Wankyo alimzunguka mara mbili.

"Umependeza," alisema. "Lakini unafanana na kitu. Ngoja. Kipo hapa mdomoni."

"Na mkubwa mmoja wa Ulaya."

"Sio mkubwa. Ni kitu nakifahamu kabisa, cha hapa hapa."

Jumapili Thadeo alioga kwa sabuni ya waridi, akarudia, na povu lililobaki akapaka kichwani asiache hasara. Akavaa shati, juu yake koti, akakaa kwenye kigoda mlangoni, jua la saa saba limemsimamia. Jasho lilishuka ndani ya koti kama mtu anayeoga tena. Kuku walikuwa wamehamia kwa jirani.

Lori likasimama barabarani, likashusha watu wawili. Marcelina alikuwa amevaa kitenge kizuri, lakini harufu ya moshi wa samaki ilikuja mbele yake kama kawaida, maana moshi wa miaka hautoki kwa misa moja. Nyuma yake Stanislausi, mwalimu wa kwaya, mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka inakata.

"Karibuni, karibuni sana! Shemeji, karibu!"

"Asante, shemeji," alisema Stanislausi, akarudi hatua moja. "Unaumwa homa?"

"Hapana, mbona?"

"Koti."

"Ah, hili," alisema Thadeo, jasho likimdondoka puani. "Hili la kukaa nalo tu nyumbani."

Marcelina alikuwa anamtazama, mdomo umebana. Alionekana kama mtu anayezuia kitu kisitoke. "Limekupendeza," alisema. "Unafanana na…"

"Hata wewe umeona!" alidakia Wankyo. "Kipo mdomoni tangu juzi!"

Wakala, wakanywa uji wa ulezi wenye asali. Marcelina alionja asali kwa ncha ya kidole, akafumba macho, na Thadeo akahisi mambo yanakwenda vizuri. Ndipo Marcelina akainuka.

"Haya. Twende nikaione mizinga."

"Mizinga tunaendaga jioni," alisema Thadeo. "Saa hizi jua kali, nyuki hawataki wageni."

"Jioni lori limeondoka."

"Basi siku nyingine."

Marcelina akashika kiuno. "Baba, sikia. Nimekuwa mjane, sijawa mjinga. Mwanamume wa kwanza aliyekuja kuniposa baada ya mume wangu alinionesha mtumbwi kule Rukuba. Mtumbwi mzuri, umepakwa rangi. Kumbe wa shemeji yake. Wa pili akanionesha ng'ombe. Wa padre. Sasa wewe asali yako nimeionja, lakini mizinga yenyewe sijaiona. Kama ipo twende. Kama haipo sema, nikapande lori."

Pale Thadeo alikwama. Kwenda saa nane mchana kulikuwa kosa. Kwenda unanuka waridi kulikuwa kosa la pili. Koti lilikuwa kosa la tatu, na alilijua, maana hakuna aliyejua habari ya weusi na manyoya kuliko yeye. Lakini kulivua koti kulikuwa kumwonesha Marcelina mgongo usio na shati, na kuvaa mfuko kulikuwa kumpandisha kwenye lori. Akapima, akaona nyuki atawaomba radhi kesho. Marcelina kesho hayupo.

"Tutakaa mbali," alisema. "Tutaangalia tu kwa nyuma."

Wakaenda. Thadeo mbele, anatembea kwa upole kama mchumba wa kanisani, Marcelina nyuma yake, Stanislausi nyuma ya Marcelina, na Wankyo mwisho kabisa, bado ananung'unika, "Kipo mdomoni, kipo mdomoni."

Mizinga ilikuwepo, imejipanga kwenye miti, nyuki wanaingia na kutoka bila kukoma. Marcelina aliiona akatabasamu, tabasamu zima, ambalo Thadeo alikuwa hajalipata sokoni hata siku moja. Kwa furaha akasahau, akageuka kumwonesha mzinga ulio mkubwa kuliko yote, na kugeuka huko kukaupa mlango wa mzinga ule mgongo wake mpana, mweusi pembeni, mweupe katikati, wenye manyoya yote.

Nyuki mmoja akaja kuangalia. Akazunguka. Akarudi ndani. Hakuna aliyesikia alichowaambia wenzake, lakini mlio wa mzinga ulibadilika.

"NYEGERE!" alipiga kelele Wankyo, uso umejaa raha. "Nimekumbuka! Ni nyegere! Anafanana na nyegere!"

Wakatoka.

Stanislausi hakuaga. Alikimbia huku anapunga mikono juu kama anaongoza kwaya kubwa, na kupunga ndiko nyuki wasikokutaka, wakamsindikiza wachache. Alifika uani, akaona kihenge cha mtama, akapanda, akajitumbukiza, akajifunika kifuniko. Wankyo alikimbia anacheka, na kucheka kukamchelewesha, akachomwa sikio. Marcelina alivuta upande wa kitenge ukafunika uso, akainama, akaondoka polepole bila kurusha mkono. Nyuki walimnusa, wakakuta moshi mtupu, wakampisha wakafikiri ni jiko.

Wote waliobaki walikuwa wa Thadeo.

Alipita katikati ya vichaka kama inavyopasa, kwa sababu majani yanawachanganya, lakini koti lilinasa kila mwiba likampunguzia mwendo. Mwiba wa nyuki ukishaingia unaacha harufu ya kuwaita wengine, na koti lile sasa lilikuwa linaita kijiji kizima cha nyuki. Alipofika uani, manyoya yote yalikuwa yanatembea.

"Vua koti!" alipiga kelele Marcelina toka mlango wa jiko.

"Siwezi!"

"Vua, mwanamume, utakufa!"

"Bora nife!"

"Unaficha nini humo? Mwanamke?"

"Shati!" alilia Thadeo. "Shati halina mgongo!"

Hata sauti ya nyuki ilionekana kama imepungua kidogo. Kutoka ndani ya kihenge, sauti ya Stanislausi iliuliza, "Halina nini?"

Marcelina hakungoja. Aliokota kuni inayofuka jikoni, akamjia na moshi wake, akashika kola ya manyoya kwa mkono mmoja, akavuta kama anavyovuta ngozi ya kambare. Koti likatoka, likaanguka pale uani, na nyuki wakashuka nalo. Hawakumtazama tena Thadeo. Walikuwa wamempata nyegere wao, yuko chini, hajitetei. Marcelina akamsukuma Thadeo jikoni kwenye giza na moshi, akafunga mlango.

Alimkalisha kwenye kigoda, akamgeuza. Thadeo alifumba macho. Alisubiri asikie miguu ikielekea barabarani.

Alichosikia ni kicheko. Kilianza kidogo, kikakua, mpaka Marcelina akashika nguzo. Alicheka mpaka machozi, akajifuta, akatazama tena ule mgongo mtupu uliozungukwa na shati zuri, akaanza upya.

"Nani fundi wa hili?"

"Dada," alisema Thadeo kwa sauti ndogo.

"Ni fundi mwenye akili. Mgonjwa hana haja ya kuvua."

Akachukua kisu cha samaki, akaanza kuikwangua miiba mmoja mmoja kwa makali yaliyolala. Wankyo aliyekuwa ameingia kwa mlango wa nyuma alitaka kusaidia kwa kuibana na vidole, Thadeo akaruka. "Usibane, dada! Ukibana unanikamulia sumu yote iliyobaki. Mwache yeye akwangue." Hata katika hali ile, kazi yake aliijua. Marcelina akakwangua, kwa mkono mwepesi wa mtu aliyepara magamba maisha yake yote, na Thadeo, uso umevimba hata jicho moja limefungwa, akaona hajawahi kukaa pazuri kama pale.

Barabarani lori la pamba likapiga honi. Likapiga tena.

"Dada Wankyo," alisema Marcelina, bado amekazia macho mgongo, "nenda kamwambie dereva aende."

"Na kaka yako?"

Stanislausi akajibu mwenyewe kutoka kwenye kihenge. "Mimi nisubirini mpaka usiku. Nipo salama."

Jioni jua lilipopoa, walikwenda wawili kwenye majabali, Thadeo na mfuko wake wa unga, mikono inasalimiana kifuani, na Marcelina ameshika kopo la moshi. Wakaujia mzinga kwa nyuma, nyuki wakawa wapole kama hakuna kilichotokea mchana. Marcelina akauliza kwa nini sega hili linaachwa na lile linachukuliwa, akaelezwa, akauliza tena, na kabla giza halijaingia alikuwa anapuliza moshi kiasi kile kile kinachotakiwa. Kisha akautazama ule mfuko kwa muda.

"Utavaa huu kwa nyuki," alisema. "Kwa padre hapana."

Walifunga ndoa kabla ya mavuno ya pamba. Thadeo alivaa shati jeupe la mitumba ambalo Marcelina alilichagua mwenyewe, na kabla ya kulichukua aliligeuza kwanza nyuma. Sokoni Musoma wakakaa meza moja, asali huku na samaki huku, na wateja wakazoea asali yenye harufu ya samaki kwa mbali.

Koti hakuna aliyetaka kulivaa. Thadeo alilitandika juu ya jabali, mbali na mizinga, likae na jua. Baadaye kidogo nyegere wa kweli akaja, nyayo zake zilionekana wazi. Alifika kwenye koti, akalizunguka, akageuka akaondoka, mizinga hakuigusa, na hakurudi tena. Wankyo alisema amemkuta ndugu yake amekufa, ameenda kupeleka habari za msiba.

Lakini jambo moja lilimkaa Thadeo, likamkaa mpaka uzee. Alimuuliza Werema mnadani, Werema akamwambia kama hanunui asogee. Alimuuliza Bwana Nyuki wa wilaya, aliyekuja na baiskeli kuwafundisha habari ya mizinga ya masanduku, Bwana Nyuki akaandika kitu, akapanda baiskeli yake. Alimuuliza padre, siku ya ndoa yenyewe, kwaya bado inaimba na Stanislausi anapunga mikono. Padre alimtazama, akamtazama Marcelina, akaendelea na kitabu. Thadeo hakuwa anatania, alitaka kujua tu. Yule Mzungu aliyekuwa na koti lile, nyuki wa kwao walikuwa wanamfanyaje?